Seti ya Kufugia Kenge: Joto la Kwenye Kioo na Joto la Mgongoni

Kipimajoto cha mshale kinachokuja na seti hii hubandikwa kwenye kioo, upande wa ndani, kiasi cha kiganja kimoja chini ya wavu wa juu, na kwa miezi mitano ya mwanzo kilinisomea nyuzi 38 kila nilipopita mbele yake. Nilikiamini kama mtu anavyoiamini saa ya ukutani. Siku nilipoazima bunduki ya kupimia joto kwa miale ya infraredi, nikaielekeza kwenye bapa la jiwe ambalo kenge wangu hulalia, jiwe lilisoma 43 katikati na 30 sentimita ishirini tu pembeni. Nilipoielekeza kwenye ngozi yake mwenyewe, mabega yalisoma 40 na shina la mkia 27. Mnyama mmoja, aliyelala palepale kwa saa tatu, alikuwa na majira mawili ya mwaka mgongoni. Tathmini hii inatokana na tofauti hiyo ya nyuzi 13, kwa sababu karibu kila kasoro niliyoikuta baadaye katika seti, pamoja na ile ya chakula, ilianzia hapo.

Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi, maana seti za muundo huu zinauzwa na watengenezaji wengi na hazitofautiani sana. Ndani yake mna boksi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60, wavu wa chuma wa kufunika juu, taa moja ya joto ya wati 150, thamostati, tyubu ya mionzi ya urujuanimno, kipimajoto nilichokwisha kukitaja, bakuli la maji, mifuko miwili ya udongo wa maganda ya nazi, mizani ya kidijitali, makopo sita ya chakula na kijitabu cha ulishaji. Kwenye katoni imeandikwa kwamba seti inawafaa "kenge na mijusi wakubwa". Nimeitumia kwa miezi kumi na mmoja kumfugia kenge wa savana, yule wa ukanda wa Sahel ambaye wataalamu humwita Varanus exanthematicus, na ambaye akikomaa hufikia urefu wa sentimita 75 hadi mita moja.

Tuanze na taa na thamostati, kwa kuwa hapo ndipo penye mambo. Thamostati hii ni ya aina ya kuwasha na kuzima: kihisi chake kikionja joto lililowekwa, hukata umeme, na joto likishuka kidogo, huurudisha. Kijitabu kinaagiza kihisi kiwekwe mahali mnyama anapootea joto, na kinaagiza pia kipimo kipandishwe hadi mwisho. Mwisho wenyewe ni nyuzi 40. Kwa maneno mengine, kifaa kimeundwa kuizima taa mara tu jiwe linapoanza kukaribia joto ambalo kenge analihitaji, kwani uso wa mahali pa kuotea joto kwa kenge wa savana unapaswa kuwa kati ya nyuzi 50 na 60. Kwa mijusi wengi wadogo nyuzi 40 zinatosha kabisa, na nadhani thamostati hii ilibuniwa kwa ajili yao, kisha ikatiwa kwenye katoni kubwa zaidi. Msafara wa mamba na kenge wamo, lakini kifaa cha mjusi mdogo hakigeuki kuwa cha kenge kwa kubadilishiwa katoni.

Najua nyuzi 55 zinamtisha mtu anayezisikia kwa mara ya kwanza, na zilinitisha na mimi. Jambo la kuelewa ni kwamba joto hilo ni la jiwe, si la kenge. Yeye hupanda juu ya jiwe, hujitandaza, huvuta joto upesi mpaka mwili wake ufikie nyuzi 36 hadi 38 hivi, halafu huondoka kwenda kuchimba, kuwinda au kujificha kivulini, na akipoa hurudi tena. Jiwe la nyuzi 43 halimpi nafasi hiyo. Analilalia asubuhi, mchana na jioni akisubiri joto lisilofika, na kwa kuwa taa ni moja na mwanga wake umebanwa mahali padogo, mabega ndiyo yanayopokea karibu joto lote huku tumbo, nyonga na mkia vikibaki nyuma. Hii ndiyo sababu wafugaji wengi huona majeraha ya kuungua mgongoni katika maboksi ambayo, ukipima hewa yake, utayaona ni ya baridi: mnyama asiyepata joto la kutosha hukaa chini ya taa muda mrefu kuliko ngozi yake inavyoweza kuvumilia.

Kipimajoto cha mshale sina mengi ya kukisemea. Kinapima hewa iliyo karibu na kioo, na hicho ndicho kipimo kisicho na faida kubwa katika boksi zima. Atakayeinunua seti hii na anunue pia bunduki ya infraredi, akikumbuka kwamba haipimi kupitia kioo, kwamba hudanganywa na chuma kinachong'aa, na kwamba nukta nyekundu inayoonekana haionyeshi ukubwa wa eneo linalopimwa, hivyo ni lazima aisogeze karibu. Yangu niliijaribu kwenye bakuli la maji yaliyojaa barafu iliyopondwa na kukorogwa. Iliposoma sifuri na nusu, nikaridhika.

Watu humwita kenge mnyama wa damu baridi, na jina hilo ndilo linalotupotosha. Kenge aliyekwisha kuota joto ana damu ya nyuzi 37, sawa na ya msomaji wa tathmini hii. Tofauti ni kwamba joto la msomaji linatoka katika chakula alichokula, na la kenge linatoka juani au kwenye taa. Kwa kuwa hatumii chakula kujipasha moto, nishati anayoihitaji akiwa ametulia ni sehemu ndogo tu ya ile inayohitajiwa na mnyama anyonyeshaye wa uzito uleule. Wakati huohuo, kasi ya umetaboli wake wote, yaani kazi ya mwili ya kukigeuza chakula kuwa nishati, inafuata joto la mwili: kwa kawaida ya viumbe wa namna hii, mwili ukipoa kwa nyuzi kumi, kasi hiyo hushuka hadi nusu au hata theluthi ya ilivyokuwa. Vimeng'enya vya tumboni hulegea, mwendo wa utumbo hupungua, kinga ya mwili husinzia. Tena kenge si mjusi wa kawaida katika jambo hili. Mapafu yake yana uwezo mkubwa, na ilionyeshwa mwaka 1999 kwamba anapotembea husukuma hewa kwa koo ili kuyajaza mapafu ambayo misuli ya mbavu peke yake isingeyajaza vizuri wakati wa mwendo. Akimeza mlo mkubwa, matumizi yake ya oksijeni hupanda mara kadhaa kwa siku nzima au zaidi ili mlo huo usagwe. Mashine ya namna hiyo ukiinyima joto haitulii kwa usalama. Unaipa kazi na kuinyima nguvu ya kuifanya.

Hapo sasa ndipo kijitabu cha ulishaji kinapoingia. Kina jedwali safi, lenye rangi, linaloeleza kwamba kenge aliyezidi sentimita 60 apewe panya wazima wawili kila baada ya siku mbili, na kwamba siku za katikati anaweza kuongezewa chakula cha kopo. Hakuna mahali popote katika kurasa zake kumi na sita ambapo joto na chakula vimetajwa katika sentensi moja. Joto lina ukurasa wake, chakula kina chake, kana kwamba ni idara mbili za ofisi zisizosalimiana. Nililifuata jedwali kwa uaminifu.

Mwezi wa nne, usiku, nilisikia boksi likigongwagongwa. Kenge alikuwa amesimama kwenye kona ya baridi, koo limevimba, mdomo umefunguka nusu, na baada ya mikupuo mitatu alitema panya aliyemla siku nne kabla. Nilimchukua kwa kibanio na kumweka juu ya karatasi. Kichwa na mabega ya yule panya vilikuwa vimelainika kuwa uji wa kijivu, lakini kuanzia kiunoni kwenda nyuma alikuwa mzima kama alivyomezwa, manyoya yamelala, mkia umenyooka. Na harufu yake haikuwa ya chakula kinachosagwa, bali ya nyama iliyooza mahali pa joto dogo, na ndivyo ilivyokuwa. Waswahili humsingizia kenge kwamba hasikii mpaka atokwe na damu masikioni. Katika habari hii asiyesikia nilikuwa mimi, maana niliona ni bahati mbaya ya mlo mmoja, nikaendelea na jedwali.

Aliyenizindua ni mizani, na hapa napenda kuisifu kwa dhati, kwa sababu ndicho kifaa bora kuliko vyote vilivyomo katika seti. Ina sahani pana yenye kingo, hupima hadi kilo tano kwa hatua za gramu moja, na ina kitufe cha kushikilia kipimo, hivyo mnyama anapohangaika hupotezi namba. Kwa miezi mitano uzito wa kenge wangu ulipanda kutoka gramu 1,150 hadi gramu 1,900, ilhali urefu wake uliongezeka kwa sentimita nne tu. Nilikuwa nimejisifia kwamba anakua. Daktari wa wanyama alimgeuza, akabonyeza pande zote mbili za tumbo kwa vidole viwili, akanionyesha kwenye picha ya mawimbi ya sauti mafungu ya mafuta yaliyokuwa yamejaa tumboni, na vipimo vya damu vilionyesha kwamba asidi ya yuriki imepanda. Mafuta hayo kenge huyahifadhi kwa makusudi, kwa sababu porini msimu wa ukame hula kidogo sana au hafungui kinywa kabisa. Ndani ya boksi, hata hivyo, ukame haufiki, na akiba haitumiki. Mafuta yakizidi huvamia ini. Asidi ya yuriki nayo ndiyo njia ya mijusi ya kutoa mabaki ya protini, na mwili wenye upungufu wa maji ukishindwa kuitoa, huganda kama chumvi kwenye figo, moyo na viungo, ikawa ugonjwa wa jongo.

Kosa la jedwali, basi, ni la ngazi mbili. La kwanza ni kwamba linahesabu panya kwa mnyama mwenye joto kamili, huku taa ya seti hiyohiyo ikimnyima joto hilo. La pili ni kwamba hata joto lingekuwa kamili, panya si mlo wa kila siku wa kenge wa savana. Uchunguzi uliofanywa Ghana kwa kenge hao porini ulikuta kwamba chakula chao kikubwa ni wadudu na jamaa zao: nyenje wanaoishi mashimoni, panzi, mbawakavu, jongoo, nge, pamoja na konokono. Mnyama wa namna hiyo amezoea milo midogo mingi, ya kutafuta kwa kuchimba na kutembea, yenye maganda magumu na mafuta kidogo. Ukimpa panya wawili kila baada ya siku mbili, akiwa amelala chini ya taa hafifu, unampa nishati ya mwindaji na maisha ya mgonjwa.

Nilibadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja, nikiamini kuwa kubadilisha moja peke yake kungekuwa hatari. Kumwongezea mnyama mnene joto huku akiendelea na panya walewale kungemnenepesha zaidi kwa ufanisi mkubwa, na kumpunguzia chakula bila kumpa joto kungemwacha na ini lisilofanya kazi. Taa ya wati 150 niliitoa, nikafunga nne za halojeni za wati 50 kila moja katika safu, ili mwanga wao uufunike mwili wote kuanzia kichwani hadi shina la mkia. Halojeni hutoa sehemu kubwa ya joto lake katika miale mifupi ya infraredi, ile inayopenya ndani ya ngozi kama ya jua, tofauti na taa za kauri ambazo miale yake mirefu huishia juu ya ngozi. Jiwe sasa linasoma kati ya 52 na 56 kotekote. Upande wa pili wa boksi nimeuacha kwenye nyuzi 26, na usiku taa zote huzimwa na joto hushuka hadi 23 au 24, kwa kuwa kenge anahitaji mahali pa kupoa kama anavyohitaji mahali pa kupata joto.

Tabia yake ilibadilika kabla uzito haujabadilika. Wiki ya kwanza nilikaa na saa mkononi: alipanda jiweni saa mbili na dakika kumi asubuhi, akajitandaza mpaka mbavu zikaonekana kuwa pana kama jani, akakaa dakika ishirini na mbili, akashuka na kuanza kufukua kona ya kulia kwa nguvu iliyorusha udongo hadi kwenye kioo. Siku hiyo alirudi jiweni mara nne, na hakuna mara iliyozidi nusu saa. Chakula chake kikawa mende wa kufugwa, nyenje na konokono, mara tano kwa wiki, na panya mmoja mdogo kwa mwezi. Hajatema tena. Leo ana gramu 1,480, na shina la mkia lililokuwa duara kama rungu limeanza kuonyesha kingo zake.

Tyubu ya urujuanimno ni nzuri, na ninaitaja kwa ufupi kwa sababu haikunipa taabu, isipokuwa kwamba kijitabu kinaagiza ifungwe juu ya wavu, na wavu hukata sehemu ya miale yake. Ifungwe ndani, mbali na meno na kucha. Umuhimu wake huongezeka pale mlo unapokuwa wa wadudu, kwani nyenje wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu ilhali mwili unataka kinyume chake, karibu kalsiamu mbili kwa fosforasi moja, hivyo unga wa kalsiamu hunyunyiziwa juu ya wadudu, na vitamini D ndiyo inayouingiza mwilini. Hata hapa joto halikwepeki: miale huanzisha utengenezaji wa vitamini hiyo katika ngozi, lakini hatua inayofuata hufanyika kwa msaada wa joto la ngozi yenyewe, kwa hiyo tyubu bora juu ya kenge aliyepoa hufanya nusu ya kazi.

Boksi limejengwa vizuri, milango haichezi, kufuli ni imara. Halifai kwa kenge mkubwa. Urefu wa sentimita 120 ni mfupi mno kutenganisha nyuzi 55 na nyuzi 26 bila joto la upande mmoja kuvuja hadi wa pili, na mnyama wa karibu mita moja huhitaji nafasi yenye urefu wa kama mita mbili na nusu. Wavu wa juu hupoteza unyevu wote. Kizingiti cha mbele kinaruhusu udongo wa sentimita kumi tu, wakati kenge wa savana hutaka kina cha nusu mita na zaidi ili achimbe shimo ambalo ndani yake hewa ni ya unyevu hata juu pakiwa pakavu. Na shimo hilo si anasa, ndilo linalomzuia asipoteze maji kwa pumzi siku nzima. Mimi nimefunika theluthi mbili za wavu kwa bao na ninaendelea kujenga kizimba cha mbao. Chakula cha kopo alikilamba mara moja akaondoka. Makopo matano bado ninayo.

Niliwaandikia watengenezaji kuhusu thamostati, nikaambatanisha vipimo vya bunduki. Walijibu kwa adabu, ndani ya siku mbili, kwamba nyuzi 40 zimewekwa kwa ajili ya usalama wa mnyama, na kwamba nikitaka wanaweza kunitumia kipimajoto kingine cha mshale.

Kwa mtu mwenye kenge mchanga wa chini ya sentimita 40, boksi na tyubu na mizani vitamfaa kwa miezi kadhaa, mradi abadilishe taa na asilifungue kabisa jedwali la ulishaji. Kwa mwenye kenge mzima, ningemshauri anunue mizani ya namna hiyo peke yake na fedha nyingine aziweke kwenye mbao, udongo na taa za halojeni zenye kidhibiti kinachofifisha mwanga badala ya kuukata. Thamostati sikuitupa. Nimeifunga kwenye pipa ninamozalishia mende, kihisi kikiwa katikati ya trei za mayai, kipimo nyuzi 30, na kwa kazi hiyo haijawahi kukosea hata siku moja.